Sindano ya kulishika gari

Jumamosi ile nilifika kwenye dirisha la dawa kabla ya saa mbili asubuhi. Dada wa dirishani alinipa boksi moja, akafungua tena friji, akaangalia rafu ya juu, akaangalia ya chini, kisha akaifunga.

"Ya kukuza hii hapa. Ya kuzuia imeisha, mama. Jumatatu itakuwepo. Usiwe na wasiwasi."

Na kweli sikuwa na wasiwasi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilichukua boksi nililopewa, nikalifunga kwenye kitambaa pamoja na barafu, nikapanda bajaji hadi Morocco, nikaingia mwendokasi ya Kimara nimekumbatia mkoba kifuani. Ilikuwa siku ya sita ya sindano. Ultrasaundi ya asubuhi hiyo ilionyesha kifuko cha yai kikubwa kuliko vyote kimefika milimita 14, cha pili 13, na nyuma yao vinafuata vya 11, vya 10, vya 9. Namba zile nilizijua kama mtoto anavyojua namba ya simu ya mama yake. Nilijiambia mayai yanakua, dawa ya kukuza ninayo, kuna nini tena?

Naandika kwa ajili ya mwanamke anayekuzwa mayai ili yavunwe na kurutubishwa nje ya mwili, yaani IVF, ambaye naye ataambiwa asiwe na wasiwasi kuhusu sindano hiyohiyo ya kuzuia, ile inayoyashika mayai yasitoke kabla ya kuvunwa.

Ukiingia kliniki ya uzazi hapa Dar, unaitwa mama tangu mlangoni. Mama, vua viatu. Mama, panda kitandani. Mama, vuta pumzi. Tunakaa kwenye benchi wanawake saba au wanane, wote mama, na wengi wetu jina hilo ndilo tulilokuja kulitafuta. Wiki za kwanza lilikuwa linanichoma. Baadaye nikalizoea, halafu nikaanza kulisubiri, kwa sababu nje ya geti lile nilikuwa naitwa kwa majina mengine, na mengine nilikuwa nayasikia kupitia kwa wifi.

Kwenye benchi maongezi ni ya kukuza tu. Mwenzangu unadungwa yuniti ngapi? Kulia una vingapi, kushoto una vingapi? Vifuko vya mayai vinaonekana kwenye skrini, duara nyeusi zinazopanuka kila baada ya siku mbili, na mtu akiona kitu kinakua anapata nguvu ya kuendelea kukopa. Ya kuzuia haina cha kuonyesha. Huioni kwenye skrini wala huisikii mwilini, labda wekundu kidogo na kuwasha pale ulipochoma, ambako kunaisha kabla hujamaliza chai. Ikifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea. Ndiyo maana tunaichukulia kama nyongeza. Nimemsikia kwa masikio yangu dada mmoja akimuuliza sista kama anaweza kuruka siku moja ili boksi limfikishe mwisho wa wiki, na sishangai, kwa sababu sindano moja ya siku moja ilikuwa inakula matumizi ya nyumbani kwangu ya zaidi ya wiki. Kadi ya bima haikugusa hata shilingi. Mimi nilikopa kikoba, kwenye daftari nikaandika "kuongeza mtaji wa vitenge".

Jumatatu ya kuzuia ilikuwepo, kama nilivyoahidiwa. Nilidungwa asubuhi, nikatolewa damu, nikaenda kazini. Mchana daktari alinipigia mwenyewe, na nilipoona jina lake kwenye simu miguu ililegea, maana siku zote anayepiga ni sista. Homoni ya LH, ile inayolifanya yai litoke, ilikuwa imeshapanda mara kadhaa. Projesteroni, homoni nyingine inayopanda yai likitoka, nayo ilikuwa imeanza kupanda. Jumanne nikapanda kitandani. Vifuko viwili vikubwa, ambavyo Jumamosi vilikuwa duara zuri, vilikuwa vimesinyaa, kingo zimekunjamana kama puto la juzi, na nyuma ya mji wa mimba kulikuwa na maji kidogo. Daktari alisogeza kifaa taratibu, akarudi palepale mara mbili.

"Yametoka," alisema.

Vilivyobaki vilikuwa vidogo na vichache. Mzunguko ukafungwa. Ndivyo wanavyosema, mzunguko umefungwa, kama faili. Sindano za siku nane, mkopo wa kikoba, ruhusa za kazini nilizoziombea uongo, vyote vimefungwa.

Sidai kwamba kama ningedungwa Jumamosi lazima mambo yangekuwa tofauti. Hata wanaodungwa kwa wakati, wachache huponyokwa. Lakini zile siku mbili zilikuwa ndizo siku za hatari, na hakuna aliyeniambia. Kama ningeambiwa, ningezunguka maduka ya dawa ya mji huu kuanzia Kariakoo mpaka Masaki kwa bodaboda. Ningempigia daktari Jumamosi ileile. Ningelia palepale dirishani mpaka mtu atoke. Nilikosa dawa, ndiyo, ila kilichoniumiza zaidi ni kukosa maneno matano ya kunifanya niogope kwa wakati.

Jioni ile mume wangu alitaka kuelewa. Yeye ni mtu wa kuelewa kwanza ndipo ahuzunike, na kabla ya kupata kazi ya stoo alikuwa konda wa daladala za Gongo la Mboto. Nikamweleza kama daktari alivyonieleza.

Katika mwezi wa kawaida, vifuko kadhaa huanza pamoja lakini kimoja hutangulia na vingine hufa. Hicho kimoja kinavyokua kinamwaga homoni ya estrojeni kwenye damu. Ubongo unaisoma. Estrojeni ikifika juu na ikakaa juu kwa siku mbili hivi, ubongo unajua yai limekaribia, na tezi ndogo ya pituitari iliyo chini yake inaachia LH kwa wingi, ghafla. Kama saa 36 baada ya mmwago huo kuanza, kifuko kinapasuka na yai linatoka. Mwili umepanga vizuri. Shida ni kwamba sisi tunaokuzwa mayai hatuna kifuko kimoja, tuna kumi au zaidi, na kila kimoja kinamwaga estrojeni yake. Vikiwa bado wastani, jumla ya estrojeni inafikia kile kiwango ambacho ubongo umezoea kukiona yai likiwa limekomaa. Ubongo hauoni vifuko. Unaona jumla.

Mume wangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo ubongo ni konda. Anahesabu vichwa. Gari limejaa watoto wa shule, yeye anaona limejaa tu, anapiga bodi, twende."

Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo, na nimesoma mengi tangu siku hiyo.

"Na hii ya kuzuia inafanya nini sasa?"

Nikamwambia inaweka mkoba kwenye kiti. Ubongo, kupitia sehemu inayoitwa haipothalamasi, hutuma ujumbe kwa pituitari kwa mapigo, pigo moja kila baada ya saa moja au moja na nusu hivi. Ujumbe huo ni homoni ndogo inayoitwa GnRH, na ikifika inatafuta pa kukaa juu ya seli za tezi. Sindano ya kuzuia ina dawa inayofanana na ujumbe huo kiasi cha kukikalia kiti chake, lakini yenyewe haisemi neno. Ujumbe wa kweli ukifika unakuta mkoba. Ndani ya saa chache LH inashuka. Estrojeni inaweza kupanda inavyotaka, konda anapiga bodi, dereva hasikii, na mayai yanabaki yanakua mpaka daktari aseme sasa. Mkoba wenyewe haukai milele, mwili unauondoa, kwa hiyo kila siku lazima uweke mwingine. Kwenye makaratasi ya dawa utakuta majina setroreliksi au ganireliksi, miligramu 0.25 kwa siku, na juu ya boksi pengine Cetrotide, Orgalutran au jina la kampuni nyingine. Huanzwa siku ya tano au ya sita ya kukuza, au kifuko kikubwa kinapokaribia milimita 14, na haikatizwi mpaka siku ya sindano ya mwisho, ile ya kupevusha.

Soma tena hapo: siku ya sita, milimita 14. Jumamosi yangu.

Nilipoanza kusoma historia yake nilitulia kidogo, sijui kwa nini. Pengine ni kuona kwamba watu wenye akili sana nao waliponyokwa. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa IVF, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, na mama yake hakukuzwa mayai kabisa. Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy walilifuata yai moja la mwezi wake wa kawaida. Walikuwa wanapima LH kwenye mkojo kila baada ya saa chache, usiku na mchana, wakingoja ianze kupanda ili wajue ni saa ngapi ya kulichukua yai kabla halijatoka. Walikuwa wanakimbiza gari. Miaka michache baadaye madaktari walipoanza kukuza mayai mengi, wakakutana na tatizo langu: karibu mwanamke mmoja kati ya watano LH yake ilikuwa inapanda kabla ya wakati, na kazi yote inaharibika.

Ufunguo ulikuwa umeshapatikana. Mwaka 1971 makundi mawili ya wanasayansi yanayoshindana nchini Marekani, la Andrew Schally na la Roger Guillemin, yalifumbua jinsi GnRH ilivyoundwa, vipande kumi tu vya amino asidi, baada ya kuchakata bongo za nguruwe na kondoo kwa maelfu na maelfu. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Dawa ya kwanza iliyotumika kwenye IVF, miaka ya 1980, ilikuwa ya namna nyingine: hiyo inakaa kwenye kiti na kupiga kelele bila kunyamaza, mpaka tezi inachoka na kuacha kusikiliza. Inafanya kazi, na bado inatumika, lakini mwanzoni inaamsha kabla ya kuzimisha, kwa hiyo kwa kawaida huanzwa wiki moja kabla ya hedhi, na wengine hupata joto la ghafla na majasho kama mwanamke aliyekoma hedhi. Hii ya mkoba, inayonyamazisha papo hapo, ilichelewa sana. Za mwanzo zilikuwa zinaufanya mwili uachie histamini, mtu anavimba na kuwashwa. Ilichukua karibu miaka 30 tangu 1971 hadi ganireliksi na setroreliksi ziliporuhusiwa kutumika, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwaka 2000. Miaka 30 ya watu kutafuta namna ya kumwambia mwili, ngoja. Halafu inaisha kwenye friji siku ya Jumamosi na tunaambiana tusiwe na wasiwasi.

Nilirudi baada ya miezi mitano, Januari, joto la Dar likiwa limekaa kifuani. Safari hii kabla ya sindano ya kwanza ya kukuza nilitaka kuiona ya kuzuia kwa macho, ya siku zote, na ziada ya siku mbili. Sista alinitazama kama mtu mgumu. Nilikuwa tayari kuwa mtu mgumu. Nilizilipia zote, nikaondoka nazo.

Boksi langu lilikuwa limeandikwa nyuzi 2 hadi 8. Sio zote ziko hivyo, nyingine zinaruhusiwa kukaa nje ilimradi joto lisizidi nyuzi 30, kwa hiyo soma karatasi ya boksi lako mwenyewe. Ila wanaoandika nyuzi 30 hawajalala Kimara mwezi wa kwanza kwenye chumba cha bati. Nilizipanga kwenye friji katikati, mbali na sehemu ya kugandishia, maana kuganda nako kunaiharibu. Siku ya nne umeme ulikatika saa tano asubuhi na ukawa haujarudi hata giza lilipoingia. Nilimfuata jirani anayeuza barafu za ubuyu, nikamwomba mifuko kumi. Friza yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo ilikuwa bado ngumu kama jiwe. Nikazitandaza chini ya ndoo, juu yake taulo, juu ya taulo boksi ndani ya mfuko mkavu, ili baridi ifike lakini barafu isiguse. Jirani alisimama mlangoni akaniangalia.

"Ya sukari?" aliuliza.

Nikaitikia. Alienda kuniletea mifuko mingine mitano na akakataa pesa, akaniambia mama yake naye alikuwa nayo. Bado sijamwambia ukweli. Nitamwambia.

Sasa kuchanganya kwenyewe. Nataka kulieleza hili polepole, kwa sababu asubuhi ya kwanza tulikaa kitandani mimi na mume wangu na boksi katikati yetu na hakuna aliyetaka kuanza. Mle ndani kuna kichupa chenye unga mweupe, kidogo mno, kama vumbi la chaki lililoganda chini. Kuna bomba lenye maji tayari, mililita moja. Kuna sindano mbili: yenye shina la manjano ni nene, ni ya kuchanganyia, na yenye shina la kijivu ni nyembamba, ni ya kujichoma. Ukizichanganya hizo mbili utajua mwenyewe. Unafuta mpira wa kichupa kwa pamba ya spiriti, unapitisha ya manjano katikati, unasukuma maji taratibu. Hapo mkono wote unataka kutikisa, kama unavyotikisa dawa ya kikohozi. Usitikise. Zungusha tu kichupa kwenye vidole mpaka maji yawe safi kabisa, bila povu. Kisha unavuta yote, na "yote" ni pamoja na lile tone linaloteleza kwenye kona ukiinamisha kichupa, mume wangu alikuwa analifukuzia tone lile kwa taa ya simu kama anatafuta herufi za vocha. Unabadilisha sindano, unaweka ya kijivu, unatoa hewa. Unabana ngozi ya tumbo chini ya kitovu, vidole viwili hivi mbali nacho, leo kushoto, kesho kulia.

Asubuhi ya kwanza mkono wake ulikuwa unatetemeka. Siku ya tatu alikuwa ananiamsha na sindano ikiwa tayari, saa moja kamili, ananong'ona "mkoba".

Saa moja kamili kila siku. Hilo la saa nalo nimejifunza kwa kulipia. Karatasi ya ganireliksi inasema kati ya sindano moja na nyingine, na kati ya ya mwisho na ile ya kupevusha, zisipite saa 30. Ukidunga asubuhi leo na kesho ukasahau mpaka usiku, umeshapita. Kama umechelewa, usikae ukahesabu kwa vidole, piga simu kliniki dakika hiyohiyo.

Na kuna jambo moja ambalo ni letu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili, wala hutalikuta kwenye karatasi yoyote ya dawa. Siku ya kumi na moja vifuko vyangu vitatu vilifika milimita 18 na vingine vilikuwa vimevipata. Jioni meseji ikaingia WhatsApp kutoka kliniki: sindano ya kupevusha leo saa 10:30 usiku. Mimi nikasoma saa nne na nusu, kwa sababu simu yangu inaandika hivyo. Mume wangu akasoma kilichoandikwa: saa kumi na nusu usiku, alfajiri, kabla ya adhana. Tukatazamana. Kati ya kusoma kwake na kusoma kwangu kuna saa sita kamili, na sindano ile huhesabiwa saa 36 mpaka kuvunwa. Ukiidunga saa sita baadaye, daktari atakukuta na saa 30, mayai bado hayajawa tayari kuachia. Ukiiwahisha saa sita, atakukuta na 42, na pengine yameshaondoka. Tulipiga simu. Haikupokelewa. Tukapiga ya daktari. Ilikuwa saa nne na nusu, ile inayokuja baada ya taarifa ya habari, na sista aliyeandika alikuwa ameangalia simu yake kama mimi nilivyoangalia yangu. Kuanzia siku hiyo kila muda ninaopewa nauandika kwa maneno na kuurudishia: saa nne na nusu usiku wa leo, Jumapili, saa moja na nusu kabla ya usiku wa manane. Naomba wajibu ndiyo.

Faida nyingine ya ile sindano ya mkoba niliiona usiku huo. Vifuko vyangu vilikuwa vingi, na kwa mwanamke wa namna hiyo kupevusha kwa homoni ya hCG kunaweza kuzifanya ovari zivimbe sana, tumbo likajaa maji, mtu akalazwa. Kwa kuwa nilikuwa nimezuiwa kwa dawa ya kunyamazisha na tezi yangu haikuchoshwa, daktari aliweza kutumia ile nyingine, ya kupiga kelele, mara moja tu, ili tezi yenyewe imwage LH. Hatari hiyo inapungua sana. Gharama yake ni kwamba kwa kawaida viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, hugandishwa, hupandikizwi mwezi huohuo.

Kama pesa ndiyo inayokubana, na kama tangu mwanzo mpango wenu ni kugandisha, muulize daktari wako kuhusu vidonge. Mwaka 2015 madaktari wa Shanghai walichapisha matokeo ya kuzuia LH kwa vidonge vya medroksiprojesteroni, homoni ileile iliyomo kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu tunayoijua sote. Ni rahisi kwa bei na haitaki friji. Haifai kama mnataka kupandikiza mwezi huohuo, kwa sababu inauharibia ukuta wa mji wa mimba ratiba yake. Mimi daktari wangu alichagua sindano na nilikubaliana naye. Lakini mwanamke ana haki ya kujua kwamba kuna njia nyingine ya kulishika gari, badala ya kuruka siku kimyakimya ili boksi lifike.

Jumanne saa nne na nusu asubuhi nililala kwenye meza. Nilipozinduka mume wangu alikuwa ameshika kikaratasi, amekikunja mara nne. Mayai kumi na moja. Yaliyokomaa manane. Baada ya siku tano tukapigiwa simu, viinitete vinne vimegandishwa. Vipo hapo mjini, kwenye tangi, na mwezi ujao tutaanza kuandaa ukuta wa mji wa mimba.

Wiki iliyopita nilikwenda kupanga tarehe. Kwenye benchi alikaa binti mmoja, amevaa dera la kijani, mkoba mapajani, barafu imeshaanza kulowesha kitambaa. Nikamuuliza yuko siku ya ngapi. Ya sita, akasema, akatabasamu, kikubwa kimefika 15. Nikamuuliza kama ya kuzuia ameipata.

"Hapana dada, wameniambia kesho kutwa. Wamesema nisiwe na wasiwasi."

Nikamwomba anishikie begi langu. Kisha nikaona hapana, nikamshika mkono, tukarudi dirishani wote wawili.